Fundi wa Matimba, Mwaka Aliotoka Shimoni

Alikuwa hawezi kupita karibu na mti bila kuugonga. Awe na haraka, awe na mgeni, awe na mzigo kichwani, atasimama, atakunja kidole, atagonga mara mbili, atasikiliza, halafu ataendelea na safari kama mtu aliyeitikiwa salamu. Aligonga nguzo ya kanisa la misheni siku ya ubatizo mpaka padri akanyamaza kungoja amalize. Aligonga mlango wa duka la Mhindi pale Geita, mwenye duka akatoka akidhani kuna mteja. "Mlango wako umechoka, bwana," akamwambia, akaenda zake.

Tulimwita Fundi wa Matimba. Matimba, kwa asiyejua migodi, ni magogo yanayosimamishwa chini ya ardhi kushikilia paa la shimo lisiwaangukie watu. Jina lake la nyumbani nalijua, sitaliandika. Majina nitakayoandika ni ya watu wengine, nao wanajua kwa nini.

Shule yangu mimi ni darasa la pili, kwa hiyo nitayaweka mambo kama yanavyonijia. Ila moja liwe wazi tangu hapa. Mtu huyu alinitoa chini ya mawe nikiwa hai, nami nikamchukia miaka sita. Nilimchukia kwa ajili ya kauli moja fupi aliyokataa kuitoa barazani, mbele ya wazungu na makarani. Nilitaka aseme, "Nilimwonya nyapara." Basi. Hakusema.

Kazi yake ilianzia porini. Aliingia msituni na shoka kuchagua miti, na hapo ndipo alipogombana na wazungu mwaka hadi mwaka. Wao walitaka mti mgumu, maana walidhani ugumu ndio nguvu. Yeye alitaka mtundu, ule mti wa miombo usio mgumu sana.

"Mti mgumu una kiburi," alisema. "Unabeba, unabeba, halafu siku moja unakatika pa! bila kuaga. Mtundu una adabu. Ukilemewa unalia kwanza. Unakupa nafasi ya kuokota kofia yako."

Maneno hayo aliwaambia wageni wote, Waha, Wanyamwezi, Wazinza wa kule ziwani, hata Wangoni waliokuja kwa miguu kutoka kusini wakiwa na viatu shingoni. Wageni walicheka. Basi siku ya kwanza aliwashusha shimoni, akawaambia wazime taa za kabaidi, wakae kimya. Mtu anakaa gizani, haoni hata kidole chake, na baada ya muda anaanza kusikia matimba yakizungumza: tiki, tiki, kama mzee anayenyoosha magoti. "Hiyo ni salamu," anasema Fundi. "Sasa mkisikia sauti nyingine, ndefu, kama mlango wa zizi unaofunguliwa taratibu, hicho ni kilio. Msiniulize ruhusa. Tokeni."

Shimoni maneno yake yalikuwa hayo tu. Juu ya ardhi alikuwa hana kituo. Angeanza kukueleza jinsi ya kunoa shoka, akaishia kukueleza namna shangazi yake alivyomfukuza fisi kwa kopo la maziwa ya mgando. Mfukoni alikuwa na michembe siku zote, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akitafuna kama mbuzi, na ugoro katika kichupa cha dawa ya macho. Akikupa ugoro jua umesamehewa. Akikupa michembe jua hujasamehewa ila anakuonea huruma.

Na alikuwa na namna yake ya kuhesabu watu. Mgodi ulikuwa na namba za bati, kila mtu na namba yake, na karani anaandika. Yeye namba hakuzitaka. Kabla ya kushuka alisimama mdomoni mwa shimo akaita kila mtu kwa mama yake.

"Mwana wa Mama Kulwa?"

"Nipo!" Huyo ni mimi, Doto. Kulwa, pacha wangu, alifariki tukiwa bado tunanyonya, lakini jina la mama halikubadilika.

"Na mdogo wako?"

"Nipo, Fundi!" Huyo ni Shija, aliyetufuata sisi mapacha, kama jina linavyosema.

"Shimo halimjui baba wa mtu," Fundi alisema. "Anayelia kwanza ni mama. Ndiye nitakayemjibu."

Nilimkumbusha maneno hayo baadaye, kwa uchungu. Nitafika.

Msidhani alikuwa malaika. Fundi huyu aliyeshikilia kilima cha Geita kisianguke, nyumba yake ilivuja. Masika mkewe, Mama Mbuke, alipanga vyungu sakafuni kama mtu wa mnadani. "Mume wangu anawashikia wazungu mlima," alituambia tukienda kusalimia. "Mimi paa langu nalishikia na mwiko." Fundi anacheka mpaka anakohoa, anaahidi Jumapili. Jumapili ikifika, hayupo. Amekwenda kuwinda nungunungu.

Hapo ndipo pa kumjua mtu huyu. Alikuwa wa Banunguli, chama cha Wasukuma wanaowinda nungunungu na kumchezea ngoma. Nungunungu anakula viazi na mihogo ya watu usiku, mchana analala ndani ya shimo lake. Wenzetu wengine wanamtega. Mnunguli anamfuata humo humo ndani. Anavua nguo, anabaki na kaptula, anashika mkuki mfupi, anasukuma mbele yake kipande cha ngozi ya ng'ombe kikavu kuzuia miiba, na anatambaa kwa tumbo hadi miguu inapotea. Kwenye kifundo cha mguu amefungwa kamba. Nje wanabaki wenzake wameishika.

Kamba ile ilikuwa na lugha. Mvuto mmoja: nipo, nyamazeni. Miwili: nimempata. Mivuto ya haraka haraka: nitoeni. Na sheria kubwa ya Fundi ilikuwa kwamba aliye nje asivute kabla ya kuulizia. Unagusa kamba mara moja, unangoja ajibu. "Mtu aliye shimoni ndiye anayejua," alisema. "Wewe wa juani una nini cha kumfundisha?"

Niliishika kamba yake mara nyingi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, miguu yangu yote miwili mizima. Tulikuwa tunatoka kambini alfajiri ya Jumapili, umande magotini, mbwa watatu mbele, Shija nyuma anaimba ovyo makusudi ili Fundi amtukane. "Shija, sauti yako inaozesha viazi!" "Ndiyo nungunungu akose chakula, Fundi, ajitokeze mwenyewe!" Tukifika kwenye shimo, mzee wa watu anavua shati, kifua chote makovu madogo madogo ya miiba, anatema mate pembeni, anaingia kichwa kwanza. Tunabaki tunaangalia nyayo zake zikipotea. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, ila nyama ile iliyochomwa pale pale juu ya majani, chumvi tuliyobeba kwenye kijikaratasi, sijapata tena mfano wake.

Sasa nifike kwenye ngoma, maana bila ngoma hamtaelewa kifo cha mdogo wangu.

Kwetu mchezaji ni wa upande. Ukiwa Mgika, basi Mgalu ni mpinzani wako mpaka unazikwa. Baada ya mavuno pande mbili zinasimama uwanja mmoja, mchana kweupe, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila upande na dawa yake, na hila zake. Mwaka mzima mtu anakula, analima, anachimba, lakini moyoni anangoja wiki hiyo. Sisi na Fundi tulikuwa Wagika. Nyapara wetu, aliyekuwa na mamlaka ya kutushusha na kututoa, alikuwa Mgalu. Jina lake Lugwisha. Naliandika kwa herufi kubwa na ningekuwa na wino mwekundu ningelitumia.

Mwaka mmoja uwanja ulipangwa huko kwetu upande wa Bugarama, mwendo mrefu kutoka mgodini. Lugwisha akapanga zamu. Wagalu wote wakapata nafasi ya kwenda. Sisi akatuweka shimoni wiki nzima. Alipita mbele yetu akiwa amevaa kengele zake miguuni tayari, ndani ya mgodi, jamani, na kengele! "Chimbeni dhahabu ya Malkia," akasema. "Ngoma tutawasimulia."

Tukiwa chini nilimfuata Fundi. Nikamwambia, "Fundi, sema mwamba unalia."

Akaniangalia. "Haulii."

"Najua haulii. Sema tu. Wakisikia wewe umesema, watatutoa wote siku mbili tatu."

"Doto, mimi kwa hilo sisemi uongo."

Nikambembeleza. Nikamwambia kikosi kizima kinamtegemea. Nikamwambia bila miiba ya nungunungu kichwani mwake uwanja hautajaa. Nilimjua pa kumgusa, mzee alikuwa na majivuno yake. Akagonga timba, akasikiliza, akagonga tena, kama anayeliomba radhi. Halafu akapanda juu akasema unalia.

Mimi ndiye niliyemwomba. Naliandika hapa mapema ili nisije nikajificha nyuma ya Lugwisha.

Walitutoa. Tukatembea, tukafika uwanjani vumbi limeshapanda, na tukacheza. Sijui nisemeje. Fundi aliingia uwanjani kwa tumbo, akitambaa kama anaingia shimoni, miiba imesimama kichwani, na watu wa upande wa pili wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakimwacha Lugwisha na kengele zake, wakija kwetu. Mpaka wake zake wawili walikuja! Tulirudi mgodini tumekauka sauti. Lugwisha alikwenda chini, akakagua matimba, akaona hata gamba halijapasuka.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya wiki ya ngoma, mwamba ulilia kweli.

Bwana Kipenga, mzungu tuliyempa jina hilo kwa ajili ya kile kipenga cha shingoni, alikuwa ameamuru matimba ya zamani yang'olewe sehemu tuliyokwisha kuchimba, yakatumike mbele. Msitu ulikuwa umesogea mbali, kukata mengine ni kazi. Fundi alikataa kung'oa, wakang'oa wengine. Siku ya tatu, saa nne asubuhi hivi, nikausikia mwenyewe ule mlango wa zizi. Taratibu, mrefu. Fundi aliweka sikio kwenye timba, akaliondoa haraka kama limemchoma. Akapanda ngazi. Nilikuwa karibu na ngazi, niliyasikia yote.

"Lugwisha, toa watu. Unalia."

"Unalia?" Lugwisha akacheka. "Wiki ya ngoma ikikaribia lazima ulie, eh? Mwaka jana ulinicheza, Fundi. Mwaka huu hunichezi."

"Toa watu, nakuomba. Nipigie magoti? Napiga."

"Piga magoti uwanjani. Shuka kazini."

Naye akashuka. Angeweza kubaki juu. Alishuka anakimbia, anapiga kelele, "Tokeni! Mwana wa Mama Kulwa, tokeni wote!" Wengi walitoka. Mimi nilirudi ndani kumwita Shija, kwa sababu Shija alidhani ni hila ile ile tena, akawa anacheka, anasema, "Subirini nimalize hili jiwe, ngoma haianzi leo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Kilichofuata ni vumbi na uzito. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa mahali nisipopaona. Nilikaa humo, sijui muda gani, mpaka nikaona mwanga mdogo wa kabaidi, na nyuma yake uso wa Fundi, ametambaa kwa tumbo katika tundu ambalo nungunungu angelikataa.

"Doto. Usiongee. Gonga kama unanisikia."

Nikagonga kwa jiwe.

"Shija?" nikauliza.

"Mmoja mmoja, ng'wanawane," akasema. Mwanangu, hivyo ndivyo alivyoniita. Akanifunga kwa kamba aliyoingia nayo kifundoni. Akavuta kamba, haraka haraka.

Na kwenye ile kamba, upande wa juani, alikuwa nani? Lugwisha. Ndiyo. Kalamu haitaki lakini nitaandika. Lugwisha ndiye aliyeishika, na aligusa kwanza, akangoja jibu, akavuta vizuri, mikono yake ikatoka damu. Hilo halimsafishi jina. Fundi alirudi mara mbili. Alimleta Shija mara ya pili, amemfunika uso kwa shati lake.

Nilikuwa nimelazwa mguu ukiwa umefungwa mbao walipofanya baraza lao. Walioniletea habari walisema Bwana Kipenga aliuliza kama kuna mtu aliyetoa onyo. Lugwisha akasema hapana. Petro karani, ambaye dirisha lake lilikuwa hatua tatu kutoka pale kwenye ngazi na masikio alikuwa nayo, akaandika hapana. Halafu wakamwuliza Fundi. Akasimama, akashika kofia, akasema, "Sikumbuki." Mara tatu aliulizwa. Sikumbuki. Wakaandika kwamba mwamba uliwashtukiza wafanyakazi, na kitabu kikafungwa.

Alipokuja kunitazama nilimgeuzia ukuta. Nikamwambia, "Ulisema anayelia kwanza ni mama, na ndiye utakayemjibu. Mjibu basi." Akaweka michembe juu ya mkeka, akatoka. Wiki ile ile akarudisha namba yake ya bati na kuuacha mgodi. Alikuwa na miaka arobaini na mitano au zaidi, nywele zimeanza mvi juu ya masikio, na kazi nyingine hakuijua.

Mwaka huo, mwaka aliotoka shimoni, kila mtu wa Shinyanga aliyemjua ana kisa chake. Nami ninavyo, ingawa nilikuwa nimekasirika wakati navikusanya.

Alikwenda Shinyanga mjini akajifunza useremala. Mwalimu wake alikuwa Athumani, kijana wa Tabora, ndevu hazijakamilika, aliyekuwa na karakana nyuma ya maduka. Asubuhi ya kwanza Fundi aliingia, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mwalimu."

"Aa, mzee! Usiniue! Mimi ndiye nikupe shikamoo!"

"Mimi ni mwanafunzi. Shikamoo."

"Mzee, nakuomba, watu wanapita!"

"Na nitaisema mpaka uitikie."

Athumani aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, ameufunika uso kwa msumeno. Waliendelea hivyo miezi. Wapita njia walikuja kusudi asubuhi kuwasikia. Lakini kazi ilimshinda mzee mwanzoni. Mkono wake ulizoea magogo. Ubao ukimjia, anaugonga, anasikiliza, anautupa. "Huu hausemi kitu." Athumani anamwambia, "Mzee, hiki ni kiti, hakitakiwi kusema." Fundi akajibu, "Mtu mnene akikikalia utajua kama hakitakiwi."

Mwaka huo huo Mbuke, binti yake wa kwanza, aliolewa na kijana wa Kahama. Fundi akasema atamtengenezea kitanda kwa mikono yake. Mama Mbuke akasema heri amalize paa kwanza. Akakitengeneza kitanda. Ajabu yake ni kwamba alikijenga kama anavyosimamisha matimba: miguu minne kama mapaja ya mtu, boriti juu, boriti chini, kabari kila pembe. Watu sita walikibeba. Kilipofika kwa bwana harusi hakikupita mlangoni. Wakwe wakasimama wanakitazama.

"Baba," bwana harusi akauliza kwa heshima, "hiki ni cha kulalia watu au cha kulalia tembo?"

"Ni cha kulalia binti yangu," Fundi akasema. "Paa likianguka, ingieni chini yake."

Walivunja ukuta wakakiingiza, wakajenga ukuta upya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwepo, nimeegemea fimbo yangu, sikucheka, na chakula cha harusi sikukigusa. Mama Mbuke aliniona, akaniletea maziwa pembeni. Niliyaacha pale pale. Leo nikikumbuka naona haya. Mama yule alikuwa hana kosa lolote na mimi.

Kabla harusi haijatimiza mwaka mjukuu akazaliwa, wa kike, juu ya kitanda kile. Fundi alitembea kutoka Shinyanga mpaka Kahama kwenda kumwona. Wanasema alimshika, akamkunjia kidole, akamgonga kidogo kifuani, akasikiliza. "Mtundu," akasema. "Ana adabu, analia kwanza." Hata mimi niliyemchukia, aliponisimulia mtu kisa hicho, niligeuka nikatabasamu upande wa pili.

Na nungunungu hakuacha. Watu walishangaa. Mtu aliyeapa hatashuka mgodini hata kwa fimbo, Jumapili unamkuta miguu tu imebaki nje kwenye kichuguu cha watu. Kijana mmoja alimwuliza mbele yangu, sokoni: je, haogopi? Akasema, "Kule ndani nungunungu ananiambia kweli yote. Ana miiba na anaionyesha." Akaniona nimesimama. Akatoa kile kichupa cha ugoro, akaninyooshea. Sikupokea. Nilimwambia, mbele ya watu, "Umekumbuka?" Kila nilipokutana naye nilimwuliza hivyo hivyo. Umekumbuka? Naye kila mara aliinamisha kichwa akapita.

Mama yangu ndiye niliyekuwa nampigania, au nilijiambia hivyo. Alikuwa amezaa watatu, nimebaki mimi na mguu mmoja na nusu. Hakuna aliyemwambia Shija alikufaje. Karatasi ya mgodi ilisema mwamba, basi. Mimi nilimwambia ni Lugwisha, na kwamba Fundi anajua na amefunga mdomo. Ila lile ombi langu sikumwambia. Miaka sita.

Mara ya mwisho kumwona Fundi ilikuwa kwetu, Bugarama, alasiri ya kiangazi. Mama alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, ungo wa karanga mapajani, anamenya za mbegu. Fundi akaingia anasukuma baiskeli. Alikuwa amekonda, mvi zimeenea kichwa kizima. Akaiegemeza baiskeli, akagonga nguzo ya kibanda chetu mara mbili kwa mazoea, akaja akachuchumaa mbele ya mama.

"Mwadila, mayu." Umeshindaje, mama, ndivyo tunavyosalimiana kwetu alasiri.

"Mwadila, baba. Karibu."

"Mayu, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu wanao shimoni. Nimekuja kusema nililokataa kusema barazani. Lugwisha amekufa mwezi uliopita, nilikuwa kwenye mazishi. Sasa naweza kusema bila mtu yeyote kulipiziwa kisasi."

Mama aliendelea kumenya. "Sema."

Akasema. Alisema mwamba ulilia, alisema alimwonya Lugwisha, alisema alitaka kupiga magoti. Yote niliyoyadai miaka sita, yakatoka pale mbele ya ungo wa karanga, kwa sauti ya chini. Nilitegemea kitu kifunguke kifuani mwangu. Hakikufunguka.

"Kwa nini hakukuamini?" mama akauliza.

"Kwa sababu mwaka uliotangulia nilimdanganya. Nilisema unalia na haulii. Ilikuwa ngoma, mayu. Siku ya baraza Lugwisha alinivuta pembeni akaniambia, 'Ukisema ulinionya, nami nitasema uliongopa mwaka jana, na nitawataka wamtafute aliyekutuma.'"

"Nani alikutuma?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Fundi. Sikuuona uso wake, niliona shingo tu, na makovu ya miiba yakishuka ndani ya kola.

"Hakuna," akasema Fundi. "Nilikuwa peke yangu. Majivuno yangu."

Mama akaacha kumenya. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Doto. Mtu wako amesema ulichokuwa unamdai. Mbona umeinama?"

Fundi, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama unavyomzuia mtu asiingie shimoni. "Mwache, mayu, mguu unamwuma."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshaubeba mzigo miaka sita, ameacha kazi kwa ajili yake, amekuwa mwanafunzi wa mtoto kwa ajili yake, na pale alikuwa tayari kuondoka nao kwenye baiskeli. Mkono ule ulikuwa bado umenyooshwa.

"Mayu," nikasema, "aliyemtuma ni mimi. Na Shija hakutoka kwa sababu alidhani ni mimi tena."

Kuku walikuwa wanaparua pale uani. Mama alikaa, ganda la karanga kati ya vidole viwili, halivunji, halitupi. Midomo yake ilifanya kama anahesabu. Sikumwona akitoa chozi, na mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa afadhali.

Halafu akauweka ungo chini, akausukuma katikati yetu.

"Mbegu hazitajimenya," akasema. "Kaeni. Wote wawili."

Fundi akakaa. Mimi mguu wangu haukunji vizuri, nilichelewa kushuka, akanishika kiwiko mpaka nikafika chini. Tukamenya.